Laini ya Pili

Binti wa hadithi hii simpi jina. Nimemtunga. Lakini akina mama wa Pweto wanaouza samaki karibu na pale mto Luvua unapotoka ziwa Moero watamtambua, na naogopa baadhi yao wataanza kuwatazama mabinti zao.

Ana miaka 16. Mama yake hakupata shule, kwa hiyo yeye ndiye anayeandika daftari la likelemba: wanawake 10, kila mmoja hutoa dola 20 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao hupokea dola 200 zote. Pesa hulala kwenye sanduku chini ya kitanda cha mama, na daftari juu yake.

Kijana alikuja na lori kutoka Lubumbashi kununua chisense, vile visamaki vidogo vinavyoanikwa juani. Alikuwa mpole. Hakumwomba binti jambo lolote kubwa, aliomba kimya tu. “Usimwambie mtu, hata mama. Watu watatuharibia.” Akampa laini ya pili ya simu. Binti akaificha chini ya jalada la daftari la likelemba, mahali ambapo mama asiyesoma hana sababu ya kufunua.

Hapo kwenye jalada ndipo moyo wangu unapouma. Nimesoma hadithi kadhaa za mapenzi zinazowalenga vijana, zile wanazosomeana kwenye simu usiku. Karibu zote huisifu siri. Msichana anaficha sura baada ya sura, anadanganya nyumbani, na mwisho mvulana anamchagua na wazazi ndio wanaoomba msamaha. Kila nikimaliza moja nabaki na huzuni, kwa sababu mwandishi hakumuuliza msichana wake hata mara moja: siri hii inamlinda nani?

Kwa Wabemba, uchumba ulipitia kwa shibukombe, mshenga anayebeba maneno ya mvulana na kuyatua mbele ya wakubwa. Sitaki kuipamba mila hiyo. Wasichana wengi waliozwa bila kuulizwa. Hata hivyo, maneno ya mvulana yalikuwa na aliyeyasikia, na kesho akikana, yupo wa kusema “ulisema.” Laini iliyofichwa chini ya jalada haina mtu huyo. Sheria ya Kongo ya mwaka 2009 ya kumlinda mtoto inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, lakini sheria haiwezi kumsaidia mtoto ambaye hakuna anayejua kuwa yuko hatarini.

Mwishoni mwa Novemba kijana akapiga simu. Lori limezama kwenye matope kabla ya kufika Kilwa, na Desemba ziwa linafungwa, huku Kongo na ng'ambo Zambia, ili samaki wazae. Asipopata pesa sasa, msimu umempotea. Atarudisha Jumamosi. Binti alifungua sanduku. Jumamosi ikapita, na laini ya kijana haikuita tena.

Wanawake walipokutana, walikuta sanduku tupu. Mama aliapa mpaka sauti ikamkauka. Wakakumbuka kwamba jirani mjane, ambaye binti humwita Mama Mkubwa, aliingia nyumbani humo kuomba chumvi. Hiyo ilitosha. Wakamtoa katika likelemba, na sokoni wakaanza kusogeza beseni zao mbali na yake.

Jioni moja mjane alimfuata binti uani. “Mwanangu, wewe unajua kuandika. Niandikie kwenye daftari kwamba mimi sikuchukua.”

Binti alijibu kwamba kalamu imekwisha wino. Katika uongo wake wote, huo ndio nisioweza kuusahau, ingawa nimeutunga mwenyewe. Huko nyuma alificha mapenzi, na mapenzi yalikuwa yake. Safari hii alificha haki ya mtu mwingine. Naye hakuwa na moyo mbaya. Alikuwa amezoea tu, miezi mitano mfululizo, kumeza neno kila mtu mzima anapomkaribia.

Machi ziwa likafunguliwa, mitumbwi ikarudi, malori nayo. Kijana alifika moja kwa moja kwenye meza ya mama wa binti.

“Jambo, Mama. Nimerudi kwako. Unipunguzie kidogo.”

“Karibu, mwanangu.”

Kijana akamtazama binti aliyekuwa akipima samaki kwa kopo, kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. “Huyu ni binti yako?”

“Ni wangu. Huyu ndiye macho yangu,” mama akasema kwa fahari, akanyoosha mkono kupokea noti.

Binti akaweka kopo chini.

“Mama, usipokee pesa hiyo. Mwite Mama Mkubwa kwanza, aje asikie.”