Ahadi ni Deni, Hata kwa Mwenye Nguvu



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twapenda kuwazindua juu ya amana iliyo baina ya mtawala na raia. Mfano wetu twautoa mji wa Blackburn, kaskazini ya Uingereza.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Mei 1948, mtoto wa kike asiyetimiza miaka minne alichukuliwa kitandani mwake katika hospitali ya Queen's Park, akauawa. Chini ya kitanda ilikutwa chupa yenye alama za vidole, wala hazikuwa za mtu yeyote wa hospitali.

Mji uliofazaika huwa mwepesi wa kumtuhumu mgeni na mnyonge asiye na mtetezi. Hapa polisi waliwataka wanaume wote waliopita miaka 16, waliokuwapo mjini usiku ule, watoe alama za vidole vyao, tajiri na fukara sawasawa. Nao wakaahidi kwamba karatasi zile zitaharibiwa kazi ikiisha. Askari wakapita nyumba kwa nyumba. Na waliosahauliwa wakatafutwa katika daftari za mgao wa chakula. Mwezi wa Agosti, karatasi zilipokwisha kupita 46,000, alama zikalingana na za Peter Griffiths, kijana wa miaka 22. Akahukumiwa, akanyongwa tarehe 19 Novemba mwaka ule ule.

Lakini sisi twalizingatia zaidi lililofuata. Karatasi zile zilikuwa silaha kubwa mikononi mwa polisi, na nafsi hushawishika kukiweka ilichokipata. Juu ya hivyo, ahadi ilitimizwa: waliotaka zao walirudishiwa, nyingine zikasagwa.

Basi tufahamu, ndugu zetu. Maelfu wasio na hatia walinyosha mikono kwa kuwa waliliamini neno. Lau neno lingalivunjwa, siku ya pili nani angalifungua mlango? Na kila aliyekabidhiwa siri za watu, akiwa kadhi, karani au mweka hazina wa msikiti, yumo katika hukumu hii.

Mwenyezi Mungu amezitaja ncha za vidole katika Suratul Qiyama, kuwa Yeye ni Muweza wa kuzitengeneza tena. Mkono wa muuaji ulishuhudiwa na chupa. Mkono wa mwenye kuila amana utajishuhudia wenyewe.

Wabillahi tawfiq.