Mkorogo na Swali la Kasoro

Kujichubua ni kupunguza weusi wa ngozi kwa krimu, sabuni au sindano. Mjini Dar es Salaam na kwingineko Afrika Mashariki, krimu za kazi hiyo huitwa mkorogo, kwa kuwa mara nyingi dawa kadhaa hukorogwa katika kopo moja. Viambato vikali ni hidrokwinoni, zebaki na steroidi. Viwili vya kwanza huzuia ngozi isitengeneze melanini, rangi inayoikinga na jua, nayo steroidi hukondesha ngozi. Zebaki hupenya hadi kwenye figo, na mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walikwisha kueleza maradhi ya figo miongoni mwa wanawake waliotumia krimu hizo. Mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata ziliamua kuondoa kabisa vipodozi vyenye zebaki ifikapo 2025. Biashara haikukoma.

Kwa Waislamu, mjadala wa kujichubua huanzia aya ya 119 ya Sura An-Nisaa, ambamo shetani anaapa kuwaamrisha watu wabadili maumbile ya Mungu. Zipo pia hadithi zinazokemea chale na kutenganisha meno kwa ajili ya urembo. Hata hivyo Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua vitani, aliweka pua ya fedha ikaanza kunuka, na Mtume akamwagiza aweke ya dhahabu. Hapo mafakihi walipata mpaka: kuondoa kasoro kunaruhusiwa, kugeuza umbile lililo zima hakuruhusiwi. Hina, wanja, liwa na singo anayosuguliwa bi harusi wa mwambao havikuwahi kuleta utata, maana hupamba kisha hutoka. Wakristo hupita njia nyingine wakafika karibu na hapo: Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mwili ni hekalu, na kwamba wao si mali yao wenyewe.

Mpaka huo ni wa busara, lakini unasimama juu ya neno moja, kasoro, na neno hilo ndilo ambalo soko hulinyoosha. Mfano ni dawa ya Botox, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1989 kutibu makengeza na kukakamaa kwa kope. Mwaka 2002 ikaidhinishwa kwa mikunjo ya katikati ya nyusi. Dawa ni ileile, ila sasa uzee wa kawaida nao una tiba. Mwaka 2020 krimu ya Fair & Lovely, iliyoanza kuuzwa India mwaka 1975, ilibadilishwa jina kuwa Glow & Lovely. Neno la weupe liliondoka, krimu ikabaki dukani.

Mara nyingi lawama humwangukia anayejipaka peke yake, na hilo si haki. Msichana aliyedhihakiwa kwa weusi wake tangu utotoni hakuibuni kasoro hiyo, aliuziwa. Kanuni ya Kiislamu ya kutodhuru wala kudhuriana inamgusa mtengenezaji na muuzaji kabla yake.

Lakini kanuni hiyo nayo ina kikomo. Ikipatikana krimu isiyoumiza figo wala ngozi, hoja ya madhara itanyamaza, na swali la umbile litabaki palepale. Jibu lake limo katika kisa cha Arfaja. Pua iliyokatwa imepoteza kazi yake, kwa hiyo ni kasoro hata kama hakuna anayeitazama. Ngozi nyeusi chini ya jua la ikweta inafanya kazi iliyoumbiwa, na inaifanya kila siku, hata kwa yule anayeichukia.