Msichana wa Biograph



Juma hili moyo wangu umekaa kwa mwanamke mmoja, Florence Lawrence, mzaliwa wa Hamilton, Kanada. Mama yake alikuwa na kikundi cha maigizo kilichotembea mji hata mji, na Florence alipandishwa jukwaani angali mtoto, akiwafurahisha watu kwa kupiga mluzi. Mwaka 1908 aliingia kampuni ya Biograph, New York, chini ya mwongozaji D. W. Griffith, na uso wake ukapendwa mno katika zile filamu fupi zisizo na sauti.

Uso tu, jina hapana. Kampuni zilificha majina ya waigizaji kwa makusudi, maana anayejulikana atadai mshahara mkubwa. Watazamaji wakaandika barua kuuliza huyu ni nani. Wasipojibiwa, wakamwita Msichana wa Biograph. Fikirini: watu wanakulilia gizani ukumbini, wanakungoja juma hadi juma, na jina wanalokuita ni la tajiri wako!

Mwaka 1909 mtayarishaji wa filamu Carl Laemmle alimchukua katika kampuni yake. Ukazuka uvumi kwamba Florence amekufa ajalini. Laemmle akaukanusha kwa tangazo, ingawa wengi wanaamini aliutunga yeye mwenyewe, kisha akampeleka St. Louis watu wakamwone mzima. Walifurika. Jina sasa likajulikana, lakini inaniuma kwamba ilibidi kwanza azushiwe kifo, na kwa ajili ya biashara.

Alipenda magari. Alibuni mkono wa kuashiria kwamba gari linakata kona, wala hakuusajili ubunifu huo kwa jina lake. Kisha aliungua katika moto akiwa kazini, na tangu hapo hakurudi tena pale alipokuwa. Miaka ya 1930 alipewa vijisehemu vidogo vidogo kwenye filamu za wengine. Tarehe 28 Desemba 1938, akiwa mgonjwa na amechoka, alijitoa uhai. Naomba tusimhukumu. Alizikwa Hollywood bila jiwe lenye jina, hadi mwaka 1991, mwigizaji Roddy McDowall alipoligharamia, naye akataka jina lake mwenyewe lisitajwe.

Nikasoma tena Yohana sura ya 20. Mariamu yuko bustanini, analia, anamdhania Bwana Yesu kuwa mtunza bustani. Hakumtambua kwa uso wala kwa yale maswali aliyomwuliza. Alimtambua alipoitwa kwa jina lake. Neno moja tu, na akageuka.

Mwezi uliopita nilitembelea familia moja ya usharika wetu kuandikisha watoto wa kipaimara. Binti wa kazi akatuletea chai. Nikauliza kama naye ameshabarikiwa, na jina lake nani. Baba akamtazama mama. Mama akasema, "Mchungaji, sisi tunamwita Dada tu." Alikuwa na mwaka wa tatu pale. Sisemi neno "dada" ni baya. Ni neno la heshima, kama tunavyomwita mtu Mama Fulani kwa jina la mwanawe. Lakini heshima ile ilikuwa imekuwa pazia. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimekunywa chai yake mara nyingi mle ndani, nikashukuru na kuondoka bila kuuliza.

Nikamgeukia nikamwuliza yeye. Aliweka birika chini kwanza, akafuta mikono kwenye kanga, akasema majina yote matatu, polepole, la babu yake la mwisho. Sitayaandika hapa, kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Nikampa kalamu, akajiandika mwenyewe kwenye daftari la kipaimara, kwa herufi kubwa zilizovuka mstari. Mtoto mdogo wa nyumba ile, ambaye binti huyo humbeba mgongoni kila siku, akalirudia lile jina la kwanza mara mbili, akicheka, akamkimbilia.