Fahali Kwanza, Mtu Baadaye

Wahenga wetu walisema shukrani ya punda ni mateke, nasi tukairithi methali hiyo bila kuuliza punda mwenyewe alishukuriwa lini. Wakulima wa Kitamil, kusini mwa India, wametenga siku nzima ya kuwashukuru wanyama waliowalimia. Katikati ya Januari, mpunga unapovunwa kwenye delta ya mto Kaveri, huadhimisha Pongal, sikukuu ya mavuno ya siku nne. Siku ya tatu ni ya ng'ombe.

Wazee wao hueleza sababu kwa kisa. Mungu Shiva alimtuma fahali wake duniani akawaambie watu wajipake mafuta na kuoga kila siku, na wale mara moja kwa mwezi. Fahali alipofika akauvuruga ujumbe: kuleni kila siku, ogeni mara moja kwa mwezi. Shiva akaghadhibika. Ikiwa watu watakula kila siku, chakula hicho kitatoka wapi? Nenda basi wewe mwenyewe ukawalimie. Watoto hucheka wakisikia habari ya kuoga, lakini kisa kina makali yake: kila sahani ya wali ni deni, na anayelilipa kwa shingo yake si yule anayeshiba.

Siku ya kwanza, Bhogi, haina mengi. Nyumba husafishwa, mikeka iliyochakaa ikachomwa moto. Jijini Chennai siku hizi watu huchoma hata matairi na plastiki, na iko miaka ambayo moshi huo ulivuruga safari za ndege. Hiyo siiti mila. Ni uvivu wa kutupa taka uliovishwa kilemba.

Siku ya pili ndiyo Pongal yenyewe, siku ya kwanza ya mwezi wa Kitamil uitwao Thai, jua linapohesabiwa kuwa limeanza safari ya kurudi kaskazini. Kwa kuwa hufuata jua, tarehe haihamihami. Huangukia tarehe 14 au 15 Januari. (Jamaa wenye asili ya Gujarat, ambao ni wengi miongoni mwa Wahindi wa Mombasa na Dar es Salaam, huijua siku hiyo kwa kurusha tiara.) Uani hubandikwa chungu kipya, kimefungwa shingoni mche wa manjano pamoja na majani yake, na miwa mirefu husimamishwa kando. Maziwa hutangulia jikoni. Baadaye huja mchele wa mavuno mapya, choroko na sukari guru, kisha samli, iliki na korosho.

Mpishi wa kwetu akiona maziwa yanafura hukimbilia kuepua. Pale huachwa yafurike na kumwagika mbele ya macho ya wote, na familia nzima ikapaza sauti: "Pongalo Pongal!" Mchumi atasema ni hasara. Mimi naona wazee wale walijua walifanyalo. Kilichobaki ndani ya ukingo wa chungu ni posho ya wenye nyumba; kilichovuka ukingo ndicho kinachowathibitishia kwamba mwaka umewajalia kuliko haja yao. Na hata hiyo posho hawaianzi wao. Sehemu ya kwanza hutengwa kwenye jani la mgomba, hutolewa kwa Surya, jua, ndipo watu wakae kula.

Mtazame pia mwanamke anayechora mlangoni alfajiri. Kwa desturi mapambo hayo, kolam, huchorwa kwa unga wa mchele, ili sisimizi na ndege wapate kifungua kinywa chao. Kesho yake huchorwa tena.

Halafu ndiyo siku ya ng'ombe, Mattu Pongal. Huogeshwa, pembe zao hupakwa rangi, huvishwa mashada ya maua na kulishwa pongal, wali uleule waliokula wenye nyumba. Mjini Thanjavur, kwenye hekalu la Brihadisvara lililokamilishwa na mfalme Rajaraja wa Chola mwaka 1010, sanamu kubwa ya Nandi, fahali wa Shiva, hupambwa kwa mboga na matunda. Siku hizohizo, karibu na Madurai, vijiji kama Alanganallur hufanya jallikattu, vijana wakirukia nundu ya fahali aliyefunguliwa mbio. Mahakama ya Juu ya India iliupiga marufuku mchezo huo mwaka 2014. Januari 2017 maelfu walijaa ufukwe wa Marina jijini Chennai wakidai urudishwe, ukarudishwa. Wanaoutetea husema ni heshima. Mimi namwona fahali anayekimbia, na heshima siioni.

Siku ya nne, Kaanum Pongal, hatimaye ni ya watu: ndugu hutembeleana, wadogo huamkia wakubwa. Jua, ng'ombe, kisha binadamu. Mpango huo unanipendeza, ila una pengo. Kibarua aliyepandikiza mpunga ule, mgongo umeinama kutwa nzima kwenye tope la mwenye shamba, siku yake ni ipi?

Tarehe 25 Desemba 1968, wiki tatu kabla ya Pongal, katika kijiji cha Keezhvenmani kwenye delta hiyohiyo, watu 44 wa familia za vibarua wa Kidalit, tabaka la chini kabisa, wengi wao wanawake na watoto, waliteketezwa ndani ya kibanda. Vibarua walikuwa wamedai waongezewe ujira wa mpunga. Wenye mashamba walioshtakiwa waliachiwa huru na Mahakama Kuu ya Madras.

Maksai hushukuriwa kwa moyo mweupe kwa sababu haombi nyongeza. Mwaka 1969 jimbo la Tamil Nadu lilipitisha sheria ya ujira wa haki kwa vibarua wa mashambani. Wacha Mungu wanaofafanua maana ya Pongal huanza na jua na kuishia na ng'ombe, na sheria hiyo huiachia siasa. Mimi ningeiweka jikoni kabisa, karibu na chungu, maana huwezi kumtengea Surya sehemu ya kwanza ya mchele ambao aliyeuvuna bado hajalipwa.