Je, Ni Haki Kumwagilia Ua Wakati wa Kiangazi?



Mbele ya nyumba yangu hapa Shinyanga upo mwaridi mmoja. Ni wa aina ile fupi, haupiti goti la mtu mzima, na maua yake ni mekundu. Niliupanda nilipostaafu ualimu. Uwanja wangu ni mdogo, na baada ya mchicha na mpapai nafasi iliyobaki ilikuwa hatua mbili tu.

Mwezi wa Oktoba uliopita jirani yangu, mama wa makamo, alipita na ndoo kichwani akitoka bombani. Akasimama, akautazama mwaridi, akasema, "Mwalimu, hilo ua mnalila?" Mimi nilicheka. Yeye hakucheka, kwa maana alikuwa kwenye foleni tangu alfajiri.

Swali lake lilinikaa moyoni. Mkoa wetu ni mkavu. Mvua tunaitazamia tangu Novemba hadi Aprili au Mei, kisha ni jua tupu. Kweli, mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yalifika Shinyanga na Kahama kwa mabomba kutoka Ihelele, nasi tunashukuru. Lakini maji kufika mjini si sawa na maji kufika kila mlango. Je, ni haki kulipa ua maji ambayo mwenzako anayahangaikia?

Kwanza nilijitetea kwa mambo ya kwetu. Wazee wa Kisukuma walikuwa na ngitili: sehemu ya malisho ilifungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Desturi hiyo ilifufuliwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986. Basi nikasema, si kila kisicholiwa leo kimepotea. Lakini ngitili humfaa ng'ombe wa kesho. Waridi humfaa nani?

Nikamkumbuka pia yule mwanamke aliyemmiminia Bwana marhamu ya thamani, na wale walionung'unika kwamba ingaliuzwa maskini wakasaidiwa. Bwana hakuwaunga mkono. Hapo nilidhani nimeshinda, lakini nilipofikiri zaidi niliona utetezi wangu una tundu. Mwanamke yule alitoa kilicho chake. Mimi je? Maji ya mwaridi wangu yalichotwa na mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja, kabla hajaenda shule. Uzuri ulikuwa wangu, na uzito wa ndoo ulikuwa wake. Miaka yote ya kazi yangu nilikemea watoto waliochelewa shule, wala sikuwauliza walikuwa wamemchotea nani maji.

Ndipo nilipoelewa kwamba kosa halikuwa la ua. Kosa lilikuwa kwamba gharama yake nilimtwika mwingine.

Basi tulibadili utaratibu. Mjukuu hachoti tena maji ya ua. Mwaridi hupata maji yaliyooshea mchele na mboga, nami huyamwaga mwenyewe asubuhi, shinani na si juu ya majani, kwa kuwa majani yakilowa mara kwa mara hupata madoa meusi. Nimeweka samadi iliyooza vizuri, na juu yake nyasi kavu ili unyevu usikimbie. Ua likinyauka nalikata, na mti hutoa jingine. Siku isiyo na maji, mwaridi nao husubiri. Umepunguza maua, lakini haukufa.

Bado lilibaki lile swali la nani afaidikaye. Jibu nililipata Geita, nilipomtembelea mwanangu kwenye machimbo madogo ya dhahabu. Huko wengi hupanga vyumba, na huishi kama watu watakaoondoka kesho, dhahabu ikisikika kwingine. Nje ya chumba kimoja niliona mwaridi kama wangu ndani ya debe kuukuu. Nilimwuliza mke wa mchimbaji kwa nini asumbuke na ua mahali asipokusudia kukaa. Akajibu, "Babu, huu mwaka wa nne nasubiri kuondoka. Watoto wangu wamezaliwa hapa, hawajaona mtu akipanda kitu. Tukihama, debe linabebeka."

Sikuwa na la kuongeza. Mtoto anayeona kila siku ardhi ikichimbwa, yafaa aone pia mtu akiitunza, hata kama ni ardhi ya debe moja.

Juzi jirani yangu alipita tena, akanikuta nimeinama na sufuria ya maji ya mchele. Akatazama, akasema, "Kumbe!" Kisha akaendelea na safari yake.

Basi, mpenzi msomaji, ukitaka kupanda ua penye uwanja mdogo na maji haba, uliza kwanza ni nani atakayebeba ndoo. Ukiona ni mtoto, au msichana wa kazi, ngoja kwanza. Ukiona ni wewe mwenyewe, panda.