Je, Ni Haki Kumkatia Jirani Taa?

Yako mambo ambayo watu huyaachia mafundi na makarani, wakidhani kwamba hayana neno la kufikiriwa ila hesabu tu. Umeme ni mojawapo. Tukiona nguzo zimesimama na nyaya zimepita juu ya migomba, twauliza bei, twauliza siku ya kuunganishwa, kisha tumemaliza. Lakini mimi naona limo ndani yake swali la haki na ujirani, wala si swali dogo. Watu wa kijiji wakichanga fedha zao, wakapata mtambo wa umeme ukawa mali yao wenyewe, kisha mmoja wao asilipe, je, ni haki wenziwe wapande nguzo na kumkatia taa?

Najua msomaji wa Tukuyu atanijibu upesi: "Mwalimu, hilo halituhusu. Nyaya zetu ni za TANESCO, nayo ni shirika la Serikali. Kwetu hakuna akataye. Fedha zikiisha katika LUKU, taa huzimika yenyewe." Ni kweli. Tangu Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, umeme wa gridi umefika vijiji vingi ambavyo baba zetu hawakuvidhania, na ada ya kuunganishwa kijijini iliwekwa shilingi 27,000, kiasi ambacho mkulima wa chai au wa viazi aweza kukipata. Neema hiyo siidharau. Walakini tusiseme kwamba njia ni moja tu. Ng'ambo ya milima ya Livingstone, katika wilaya ya Ludewa, watu wa Mawengi na vijiji jirani walipata mtambo wa maji wenye nguvu ya kilowati 300, uliojengwa kwa msaada wa shirika la Kiitalia liitwalo ACRA. Nao waliokabidhiwa kuuendesha ni jumuiya ya watumiaji wenyewe, iitwayo LUMAMA. Nasi wa Rungwe hatukunyimwa maji. Tuna Kiwira, tuna Mbaka, tuna Lufilyo, na mvua yetu haijui kuchoka. Basi swali laweza kutufikia siku yo yote, na afadhali kulifikiri kabla nguzo hazijasimama kuliko baada.

Mfano ulio wazi zaidi katika nchi yetu ni wa Urambo, magharibi ya Tabora. Wazee wanalikumbuka jina la Urambo kwa ajili ya shamba kubwa la karanga, lililoanzishwa na Serikali ya Waingereza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, baada ya mamilioni ya paundi kuteketea. Shamba lile lilipangwa na wakubwa walio mbali, wenyeji wakaitwa kufanya kazi tu. Mwaka 1993 mahali pale pale palizaliwa jambo dogo la namna nyingine: chama cha ushirika cha watumiaji wa umeme. Wataalamu wa Sweden walisaidia pamoja na TANESCO. Lakini wanachama ndio waliotoa viingilio, ndio waliochagua halmashauri, ndio waliopanga bei. Mitambo yao ilikuwa ya dizeli, nayo iliwashwa saa chache tu za jioni. Dizeli ni ghali, tena ilipasa isafirishwe, kwa hiyo bei yao ilizidi ile ya TANESCO mara nyingi. Hata hivyo walilipa, na nyumba zilizounganishwa ziliongezeka mwaka kwa mwaka.

Kwa nini walilipa? Jibu la kwanza ni jepesi: hawakuwa wakilinganisha bei hiyo na ya TANESCO, ambayo haikuwafikia, bali na bei ya mafuta ya taa na ya betri za redio. Jibu la pili ni zito zaidi, na ndilo linalotupeleka kwenye swali letu. Walilipa kwa kuwa walijua dizeli ya kesho inunuliwa kwa fedha ya leo, wala hakuna tajiri nyuma ya pazia wa kufunika upungufu. Mwanachama asipolipa, hadeni kampuni. Amekaa kwenye taa iliyonunuliwa na mjane wa nyumba ya tatu.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya mteja na mwenye mali. Mteja akikatiwa umeme aweza kuwatukana wale walioko mjini, akaungwa mkono na jirani zake wote, maana adui yuko mbali. Mwenye mali amtukane nani? Aliyepiga kura kwamba asiyelipa akatiwe ni yeye mwenyewe, siku ya mkutano mkuu, na huenda aliinua mkono wake juu kuliko wengine. Fundi apandaye nguzo ametumwa na watu wote pamoja, naye mdaiwa yumo miongoni mwao waliomtuma.

Basi, nasema ni haki? Nasema ni haki, lakini si kwa sababu ile ambayo wengi huitoa, kwamba mali ni mali na deni ni deni. Kama ingekuwa ni deni tu, jirani mwema angeweza kusamehe, nasi tungemsifu. Ila katika ushirika mimi siwezi kusamehe deni lako kwa fedha yangu peke yangu. Nikikusamehe leo, nimetoa fedha ya watu mia ambao sikuwauliza. Ukarimu kwa mali ya wengine ni wepesi mno, na chama kingi kimekufa kwa wema wa namna hiyo. Katibu alimwonea haya shemeji yake, mweka hazina alimwonea haya mwenyekiti. Kisha siku moja mtambo ulinyamaza, na waliolipa wakakaa gizani sawasawa na wasiolipa.

Hata hivyo naona ugumu, wala sipendi kuupitia haraka. Sisi Wanyakyusa tuna neno ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa furaha, kula na kunywa na kuzungumza na wenzako. Zamani vijana wa rika moja walitoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe, na kundi zima likaenda kula kwa mama wa huyu leo, na kwa mama wa yule kesho. Bibi Monica Wilson, aliyekaa kwetu katika miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima juu ya desturi hiyo, kilichotoka mwaka 1951. Mtu aliyekula peke yake hakuonekana mtu kamili. Sasa jirani aliyelelewa katika fikara hizo aketi chini ya taa yake, huku akitazama nyumba ya mwenziwe imekuwa giza kwa kura aliyoipiga yeye? Mzee mmoja wa Mwakaleli aliniambia maneno haya: "Mwalimu, mwanangu, kukata waya wa mtu ni kama kumwondolea chakula kinywani mbele ya watoto wake." Nikamwuliza, "Na yeye alayae bila kutoa, baba, afanywe nini?" Akacheka, akasema, "Huyo watu watamnong'ona."

Jibu lake lina maana kubwa kuliko alivyoonyesha. Wazee wetu waliamini kwamba mtu akivunja ada za kijiji, manung'uniko ya jirani, yaani pumzi ya watu, humwangukia kama baridi akaugua. Sisi tuliosoma twaweza kusema kwamba baridi hiyo haimtii mtu homa. Lakini tusikatae kwamba pumzi ya watu ina nguvu. Mahali ambapo watu wanajuana, aibu hulipisha ada nyingi kuliko mkasi wa fundi. Chama chenye busara hutumia kwanza pumzi, ndipo mkasi. Orodha ya wadaiwa husomwa mkutanoni, mjumbe huenda nyumbani kuuliza kama kuna ugonjwa au msiba, mdaiwa hupewa siku za kulipa kidogo kidogo. Akiwa na neno la kweli husikilizwa, na wote kwa kura wakikubali kumchukulia mwezi mmoja, basi huo ni ukarimu halali, kwa kuwa wenye fedha wenyewe wameutoa. Akishupaa, akatwe. Tena aanze mwenyekiti, kama mwenyekiti ndiye anayedaiwa.

Mtu atasema LUKU imetuokoa na taabu hii yote, kwa kuwa hakuna uso wa kuonewa haya. Nakubali kwamba imeondoa ugomvi na rushwa nyingi. Ila mashine haiulizi kama kuna mgonjwa ndani. Taa ikizimika saa nne za usiku nyumbani kwa mama anayeuguza, hakuna mtu duniani aliyeamua jambo hilo, kwa hiyo hakuna wa kulijibu. Sijui kama kuondoa mkono wa mtu katika tendo ndiko kuondoa uzito wake. Ushirika unatia mita za namna hiyo na kupata faida ileile. Lakini hapo mkutano hauna budi kuamua kwanza nyumba zipi zisizimike hivihivi, kama zahanati.

Wako wanaodhani kwamba ushirika wa umeme ni jambo la watu maskini wasio na Serikali ya kuwasaidia. Hao wawatazame wakulima wa Marekani. Katikati ya miaka ya 1930, katika mashamba kumi ya nchi ile moja tu ndilo lililokuwa na umeme, kwa kuwa makampuni yalisema waya wa shambani haulipi. Mwaka 1935 Rais Roosevelt alianzisha idara ya umeme wa mashamba, na sheria yake ikapitishwa mwaka 1936. Serikali ilitoa mikopo, wakulima wakaunda vyama vyao, wakasimamisha nguzo, wakairudisha mikopo kwa ada zao. Haikupita miaka ishirini, mashamba tisa katika kumi yakawa na taa, na vyama karibu 900 vya namna hiyo viko hata leo.

Kwetu neno ushirika lina doa, na doa hilo lisifichwe. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika kwa amri, mali yao ikachukuliwa. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, lakini imani haikurudi pamoja na sheria. Mwanachama aliyeona ghala alilochangia likipewa mwingine bila yeye kuulizwa, usimlaumu akiguna unapomtaka kiingilio cha pili. Vingine vilikufa mikononi mwa viongozi wao wenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba daftari lisilosomwa mbele ya watu ni kama halipo. Kwa hiyo haki ya kumkatia jirani taa inatoka katika haki yake ya kufungua daftari. Chama kinachoficha hesabu kimekwisha kupoteza haki ya kumwita mtu mdaiwa.

Limebaki neno moja, nalo lanisumbua kuliko mdaiwa. Mdaiwa ana kura. Yuko mtu mwingine, ambaye nguzo imepita kando ya kiwanja chake, naye hana kiingilio wala fedha ya waya wa kuingia ndani. Hakuna wa kumkatia, maana hakuunganishwa kamwe. Mwisho wa mwaka chama kikibakiza fedha, wanachama hukutana kuamua: tupunguze bei, au tuzipeleke nguzo mbele mpaka kitongoji kingine? Wote waliomo mkutanoni wana taa tayari. Wale wa kitongoji kile wako nje, hawana sauti, na kura itakwenda mahali ambapo mtu aweza kubashiri. Haki ya mtu mmoja kura moja, ambayo vyama hivi vimeirithi kutoka kwa wafumaji wa Rochdale walioungana mwaka 1844, haimsaidii asiyehesabiwa kuwa mtu wa chama. Ningependa kiingilio kiwe kidogo kiasi cha mkungu wa ndizi, na mtu aandikwe mwanachama tangu siku anapoomba taa, si tangu siku anapowashiwa; tena yeye aliye gizani bado apewe nafasi ya kunena wa kwanza, fedha zinapogawanywa.