Sakafu Haikopeshi

Mjukuu wangu, kaa hapa kwanza. Hiyo hela uliyoitoa kwenye kikoba usiipeleke dukani leo. Najua fundi ameshakuambia kaona chumba, maboksi 10 yanatosha. Fundi ni mzuri, simkatai. Lakini kwa marumaru, anayepima kwa macho hulipa kwa miguu.

Shika futi kwanza, nakuomba.

Chumba chako cha kulala kina mita 4 kwa 3.5. Ukizidisha, mita za mraba 14. Boksi la marumaru za sentimita 60 kwa 60 kwa kawaida lina nne, linafunika mita za mraba 1.44. Umegawanya, umepata tisa na kitu, ukasema basi kumi. Hapo ndipo mnapoangukia, wanangu. Hesabu haina kosa, ila marumaru hazimiminwi.

Tazama zinavyolala. Upande wa mita 4 zinaingia sita nzima, zinabaki sentimita 40, kwa hiyo ya saba inakatwa. Upande wa pili zinaingia tano, zinabaki sentimita 50, ya sita inakatwa. Saba mara sita ni 42. Wewe ungenunua 40. Hakuna hata moja iliyovunjika, na tayari ungekuwa umepungukiwa.

Bado skatingi, vile vipande vinavyopanda ukutani chini. Zunguka kuta zote, toa mlango, unapata mita 14 hivi. Hivyo ni vipande 24 vya urefu wa sentimita 60. Ukitaka vya kimo cha sentimita 9, fundi mwenye akili huvitafuta kwanza kwenye mabaki: lile pindo la sentimita 20 linatoa viwili, la sentimita 10 linatoa kimoja, kisha anaongeza marumaru moja nzima na kazi imekwisha. Jumla 43, maboksi 11. Fundi mwenye haraka anatupa mabaki nje na kukata nzima nne. Jumla 46, na hapo maboksi 11 hayafiki.

Chumba hiki nunua 12, mjukuu wangu. Kisha vuta kigoda ukae mlangoni, uone mabaki yanakwenda wapi.

Watu watakuambia, ongeza asilimia 10 ukalale. Kwa sebule kubwa iliyonyooka, sawa. Ukitaka zilazwe mshazari, weka 15. Lakini korido ya mita moja kwa sita inakudanganya: eneo linasema marumaru 17, ulazaji unakula 20, maana kila mstari unataka nzima moja na nyingine ya kukatwa, na pindo linalobaki halirudi sakafuni. Chumba chembamba kina tumbo kubwa.

Na kuta zetu unazijua. Pima mwanzo, katikati na mwisho wa chumba, uchukue kipimo kikubwa. Kisha pima kona kwa kona, mshazari zote mbili. Zikipishana, chumba hakijakaa mraba, na marumaru za pembeni zitakatwa kwa upogo, nyembamba huku, pana kule.

Sasa nisikilize hili, maana ndilo linaloniuma kuliko yote.

Utasema, “Babu, zikipungua si nitaongeza? Siku hizi zinachomwa hapa hapa, Mkuranga na Chalinze.” Ni kweli zinachomwa hapa. Ila kila mchomo wa tanuri hutoka na rangi yake. Ndiyo maana boksi hupigwa namba ya bechi ubavuni. Jina ni lile lile, ua ni lile lile, lakini bechi ikibadilika, nyeupe inaingia umanjano kidogo. Hata ukubwa unaweza kupishana milimita moja, na ukifika mstari wa sita viungo havikutani tena. Dukani hutaona. Utaona zikishalazwa, jua la asubuhi likiingia dirishani.

Nimeingia sebule za watu wenye kazi nzuri na mishahara mizuri, kochi limesukumwa kona isiyo yake. Ukiuliza, mke anamtazama mume, mume anatazama televisheni. Chini ya kochi kuna marumaru nne za bechi nyingine. Kochi haliwezi kuhama miaka yote hiyo. Walifanya haraka, wanangu, na haraka ya siku moja imewapangia sebule.

Wengine hawakuzipata kabisa, hata hizo za bechi nyingine. Duka lilishaleta maua mapya. Fundi naye hangoji: akikosa marumaru asubuhi, mchana yuko kwa mtu mwingine, na hela ya mwanzo ameshakula. Unabaki na chumba nusu zege, nusu kung'aa, na watoto wanajikwaa hapo kwenye ukingo.

Basi nakusihi, nunua zote siku moja. Soma namba ya bechi kwenye kila boksi kabla halijapanda guta, yale ya chini ya rundo pia, maana huko ndiko huchanganywa. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Usije pia ukajaza stoo kwa woga. Hela iliyolala kwenye boksi haiamki. Kabla ya kulipa, kubaliana na muuzaji kama boksi ambalo halijafunguliwa linarudishwa, na aliandike hilo kwenye risiti. Lililofunguliwa halipokelewi, usibishane naye.

Boksi moja lakini libaki nyumbani, tafadhali. Bomba la bafuni litakuja kupasuka hata kama si mwaka huu, na fundi bomba atavunja sakafu bila kukuuliza umenunua wapi.

Kwenye bafu usifanye haraka. Sakafu inainama kuelekea tundu la maji, marumaru zinakatwa kuzunguka choo, na vipande vidogo ndivyo vinavyovunjika ovyo. Huko chora kabisa kwenye karatasi, kigae kwa kigae.

Kesho usiende Kariakoo kabla hujapita hapa. Njoo na vipimo vya vyumba vyote, na mlango wa jikoni usiusahau, mara ya mwisho ulipima ukiwa umefungwa.